Fishi ya staji inamsikiliza mwalimu, haimwangalii mwanafunzi

Wenzangu wa chama, na ninyi wadogo zetu ambao muko mu staji sasa, leo nataka kukosoa kitu ambacho sisi wote tumejaza mara nyingi: fishi ya uchunguzi, ile karatasi unayopeleka ku masomo ukae nyuma ya darasa umwangalie mwalimu.

Munaijua. Juu kuna jina la shule, darasa, somo na saa. Kisha mistari: sauti ya mwalimu, lugha yake, matumizi ya tablo, maswali, nidhamu, muhtasari. Kila mstari unawekea pointi. Fishi hiyo iko na sifa yake, siikatali. Inakuzuia kulala pale nyuma, na inakufundisha kwamba kufundisha si kusema tu, ni kazi ya sehemu nyingi.

Lakini mimi niliipeleka mu darasa moja la humanite hapa Bukavu, ambamo wanafunzi wanne viziwi wanasoma pamoja na wenzao wanaosikia. Pale njo niliona mpaka wake.

Somo lilikuwa jiografia, juu ya Ziwa Kivu na gesi ya metani iliyoyeyuka ndani ya maji yake. Mwalimu alijua somo lake. Sauti yake ilifika mpaka kwangu nyuma, kwa hiyo mstari wa sauti: 5 juu ya 5. Wale wanne walikuwa benchi la kwanza kabisa, na hiyo sauti haikuwafikia hata kidogo. Fishi haina nafasi ya kuandika hilo.

Kisha ukafika muhtasari. Munajua vile tunafanya kwetu: mwalimu anasoma sentensi polepole, darasa linaandika. Mwanafunzi anayesikia anatega sikio, macho yanabaki ku kaye. Kiziwi hana njia hiyo, juu macho yake njo masikio yake. Akiangalia ishara, hawezi kuandika. Akiandika, sentensi imekwisha kupita. Na nani alikuwa anatoa ishara? Msichana wa darasa hilo hilo, aliyezijifunza nyumbani kwa sababu ya ndugu yake. Hakuna aliyemlipa, na kaye yake mwenyewe ilibaki nyuma akisaidia wengine.

Mwishoni niliomba kaye ya mmoja wa wale wanne. Mwalimu alikuwa amesoma sentensi saba. Mu kaye zilikuwa mbili na nusu, na ile ya tatu ilikatika kabla ya neno metani. Somo zima lilikuwa juu ya metani. Ku fishi, mstari wa muhtasari unauliza tu kama mwalimu ametoa muhtasari. Ndiyo, ametoa. Pointi zote.

Kwa hiyo ubaya wa fishi si kwamba imesahau viziwi. Ubaya ni kwamba inapima kile kinachotoka kwa mwalimu, haiulizi kama kimefika. Kwa mwanafunzi anayesikia, tunakisia kwamba kimefika. Kwa kiziwi, hicho kisio kinaanguka mara moja, na tunaanza kujiuliza hata juu ya wale wengine arobaini.

Najua jibu ambalo wengine watatoa: «Sisi si wataalamu, kuna vituo vya hiyo kazi.» Kweli, Bukavu tuko na Heri Kwetu, na kazi yake kwa watoto wenye ulemavu inajulikana (darasa ninalosimulia si la huko). Lakini Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuko na sheria yetu wenyewe juu ya haki hizo. Maana yake mwanafunzi huyu atakuja kwako, wewe wa hesabu, wewe wa historia. Na atakuja akiwa amelipiwa: elimu ya bure iliyoanza 2019 inahusu shule za msingi za Serikali. Ku humanite mzazi anatoa pesa, na yule wa kiziwi hapunguziwi eti kwa sababu mtoto wake anapata sentensi mbili na nusu.

Kuna pia wanaosema bado «babubu», kama vile hawa hawana lugha. Wanayo, tena iko na historia. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11, alifungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, kisha akaendelea kufungua nyingine na kufundisha walimu mu nchi nyingi za Afrika, mpaka akafa mu ajali ya ndege Rwanda, ng'ambo tu ya kwetu, mwaka 1987. Ishara nyingi zinazotumika mu Afrika inayosema Kifaransa zimetoka ku kazi hiyo. Kenya, Katiba ya 2010 imeiweka lugha ya ishara kati ya lugha rasmi za Bunge. Sisi tunaitafutia mtafsiri kati ya watoto wa darasa.

Mtafsiri wa kulipwa anahitaji pesa, na hiyo tuidai kwa wakubwa. Lakini kuna mambo ambayo gharama yake ni chaki tu: kuandika muhtasari ku tablo mbele ya kuusoma, kunyamaza ukiandika, kisha kugeuka uangalie darasa ndipo useme, kuacha dakika ya kuangalia na dakika ya kuandika. Na siku ya mvua umeme ukikosa, kuwaweka karibu na dirisha, juu kwao giza ni sawa na kelele kwetu.

Ninapendekeza chama chetu kiombe wasimamizi wa staji waongeze mistari mitatu ku fishi. Mwalimu alisema akiangalia darasa? Wanafunzi walipata muda wa kuangalia kabla ya kuandika? Na wa tatu, ambao mimi naushikilia zaidi: fungua kaye ya mwanafunzi mmoja, hesabu sentensi zilizofika, andika namba. Wenye kuanza staji mwezi huu musingoje karatasi mpya. Nyuma ya ile ya zamani kuna nafasi nyeupe ya kutosha.