Fundi wa ngoma hatajwi

Kwenye matamasha yetu ya ngoma mtangazaji husoma mambo matatu: jina la kikundi, jina la ngoma na mahali walikotoka. Wanaitwa wenzetu wa Chiwata, au Newala, au Tandahimba. Watu wanapiga vigelegele, kikundi kinaingia, na dakika chache baadaye kinatoka. Aliyeshika mwendo wote ule, aliyeamua uanze lini, upande wapi na ukatwe kwa pigo gani, hakutajwa. Safu ya leo ni yake. Anafanya nini hasa? Amefikaje pale? Na kwa nini ustadi wake haumpeleki mbali?

Tamasha ninalolifikiria zaidi ni MaKuYa la Mtwara, lililoanzishwa mwaka 2008 na shirika la ADEA. Jina lenyewe limeunga Wamakonde, Wamakua na Wayao, na anayetoka Chiwata, pale Masasi inapopakana na uwanda wa Makonde, hahitaji kuelezwa maana yake, maana amekua akizisikia lugha hizo zote tatu. Msimu wa ngoma ni kiangazi. Mavuno yako ghalani, korosho bado, vijana wako jandoni au wametoka, na mtu ana nafasi ya kukesha. Mafundi hawa hukua katika miezi hiyo, na tamasha huwachukua wakiwa wameshakomaa.

Kazi ya fundi huanza kabla hajapiga hata pigo moja. Ngozi ikila unyevu hulegea na sauti huzama, na juu ya uwanda huo, Newala hasa, ukungu wa asubuhi na umande wa usiku si jambo la kubahatisha. Kwa hiyo huwashwa nyasi kavu, ngoma hulazwa ngozi ikiuelekea moto, fundi akaipigapiga kwa ncha za vidole na kusikiliza. Moto ukipungua sauti itabaki nzito, ukizidi ngozi itapasuka. Wala haitoshi kila ngoma ilie vizuri peke yake. Ndogo lazima iache nafasi juu ya ya kati, na ya kati juu ya kubwa, la sivyo zikipigwa pamoja zitakuwa kelele moja. Kazi hii hurudiwa kila ngozi inapopoa. Waandaaji wanaokataza moto karibu na jukwaa kwa sababu za usalama wana haki yao, lakini wajue kwamba kikundi kilichosubiri zamu saa mbili kitapanda na ngoma zilizolegea, na mtazamaji atadhani wapigaji ndio wabovu.

Sasa mapigo. Vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, hupigwa kwa vijiti vyembamba na havibadiliki. Pigo ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, na kijana aliyekabidhiwa kinganga haruhusiwi kujipamba. Ngoma za kati hujibu. Juu ya hapo kuna ngoma moja tu yenye ruhusa ya kuliacha pigo na kulirudia, na hiyo ndiyo ya fundi. Jina la ngoma hiyo na umbo lake hubadilika kutoka ngoma hadi ngoma na kijiji hadi kijiji, kwa hiyo ukitaka kumjua kiongozi usiangalie ukubwa wa chombo, tafuta nani ana uhuru. Wakati huo huo miguu ya wachezaji huhesabu mbili pale ambapo vinganga vinahesabu tatu. Mvutano huo ndio unaomfanya hata mtazamaji atikise bega. Fundi huchezea katikati yake: mara anaunga mkono miguu, mara anaunga mkono vinganga, na anapovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili wachezaji hujua mtindo unabadilishwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni mapiko, ngoma ya vinyago. Lipiko la Kimakonde la kuvaa kichwani linapokaa sawasawa, aliye ndani hachungulii kwa macho ya kinyago bali kwa mdomo wake. Anaona kipande kidogo cha ardhi mbele yake, basi. Mpe kiongozi kijiti cheupe kama cha okestra ya Ulaya, akipunge mpaka mkono uchoke, na lipiko halitakiona. Kila agizo lazima lipite masikioni. Lipiko husogea kwa hatua fupi fupi kuelekea kwenye ngoma, fundi huanza msemo wa mapigo ambao wote wawili wanaujua, msemo unajazwa na kukazwa, halafu ghafla pigo moja zito. Pale pale mwili mzima wa mchezaji unaganda. Wakipishana hata kidogo, kila mtu uwanjani ameona. Mara nyingine mchezaji ndiye anayeomba, kwa bega au kwa kisigino, na fundi humjibu. Hapo kuongoza kunahitaji jicho la mpigaji na sikio la mchezaji.

Okestra kubwa ya Ulaya ilihitaji mtu wa kusimama mbele kwa sababu ya hesabu ya kawaida kabisa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Watu wapatao themanini au mia wakitandazwa jukwaani, wa nyuma humsikia wa mbele akiwa amechelewa, lakini mkono wote huuona kwa wakati mmoja. Ngoma zetu zimelitatua tatizo hilo kwa kuwaweka wapigaji bega kwa bega, na wachezaji hatua chache tu kutoka kwao. Uwanja wa mpira huivunja hesabu hiyo. Mchezaji aliyepangwa mita 34 kutoka kwenye ngoma hulisikia pigo likiwa limechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa mwendo wa haraka hiyo inatosha kumtoa nje. Ongeza spika zilizotundikwa pembe ya pili ya uwanja na maikrofoni iliyoelekezwa kwa waimbaji, na fundi anakuwa anaongoza watu wanaosikia vitu tofauti. Nimeona vikundi vizuri vikiharibika hivyo na majaji wakiandika kwamba havikujiandaa.

Jukwaa lilianza kubadilisha kazi hii zamani. Mwaka 1962 Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kisha Kikundi cha Taifa cha Ngoma kikaundwa, na sindimba ya Wamakonde ikawa miongoni mwa ngoma zake kubwa. Kutoka hapo ikaingia mashuleni nchi nzima. Waliolalamika walilalamikia viuno. Mimi nalalamikia duara. Kijijini wachezaji na watazamaji huzunguka, ngoma zikiwa ndani ya macho ya wote. Jukwaani duara likafunguliwa likawa mstari unaotazama wageni, ngoma zikasogezwa nyuma au pembeni, na wachezaji wakampa fundi migongo. Tena muda ukawekwa. Aliyezoea kurefusha sehemu kwa sababu ameona mchezaji fulani amepata moto, sasa anahesabu marudio: manne, badilisha, manne, maliza. Ni ustadi pia, sikatai, na wengine waliumudu vizuri sana. Ila ni ustadi wa kukumbuka, na ule wa kwanza ulikuwa wa kujibu.

Fundi anapandaje ngazi? Mtoto huanza na kopo au dumu bovu nyuma ya wakubwa. Siku mwenye kinganga amekwenda kupumzika, huachiwa apige, na asipoliacha pigo ataachiwa tena. Jandoni hupata nyimbo na adabu yake, maana asiyejua wimbo hawezi kujua utakatwa wapi. Kisha huja ngoma za kati, miaka mingi ya kujibu, mpaka siku fundi anaugua au anasafiri na mtu mzima mmoja anasema, mpeni yule. Cheti hakuna, lakini mtihani upo, na wasahihishaji ni kina mama wanaoimba: pigo likiwakwaza, wananyamaza.

Ngazi hiyo haina tofauti kubwa na ya wenzetu wa okestra. Mwaka 1940 Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, alifungua shule ya muziki ya kiangazi pale Tanglewood, Marekani. Kati ya wanafunzi wa mwaka huo wa kwanza alikuwamo kijana wa miaka 21, Leonard Bernstein. Tarehe 14 Novemba 1943, Bernstein akiwa msaidizi tu katika okestra ya New York, Bruno Walter aliyekuwa aongoze aliugua na yeye akapanda badala yake, onyesho likirushwa redioni. Seiji Ozawa wa Japani alifika Tanglewood mwaka 1960 akiwa mwanafunzi, na mwaka 1973 akakabidhiwa okestra ya Boston yenyewe. Bernstein naye aliongoza onyesho lake la mwisho pale pale Tanglewood, Agosti 1990. Kusubiri, kujibu, mkubwa kuugua: yote hayo fundi wa Chiwata anayajua. Kinachowatenga ni karatasi. Kwenye kila daraja jina la Bernstein liliandikwa, kama mwanafunzi, kama msaidizi, kama aliyeziba pengo. La fundi wetu halikuandikwa hata mara moja.

Na si kweli kwamba hapa kwetu majina hayawezi kuandikwa. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, Newala na Mahuta na fonografu yake, na kitabu chake cha 1908 kinamtaja kwa jina Sulila, mwimbaji kipofu wa Masasi, na picha yake ipo, mbele ya boma. Kifaa cha wakati ule kilinasa kwa honi sauti iliyo karibu, dakika chache kwa kila silinda ya nta. Kilimfaa mwimbaji mmoja kuliko duara la ngoma. Miongo mingi baadaye Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alitoka kwenye kazi za sanaa Bagamoyo akafika majukwaa ya tamasha la WOMAD na kurekodi na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel. Alistahili kila heshima. Lakini ilimba na zeze vilikuwa mikononi mwake na sauti ilikuwa kooni mwake, kwa hiyo jina lilikuwa na mahali pa kukaa. Ustadi wa fundi wa ngoma umekaa kati ya watu kumi na tano, na rekodi ikitoka huandikwa jina la kijiji au kabila.

Hata kanisani hali ni nafuu kidogo. Waanglikana walifika Masasi mwaka 1876, na mwalimu wa kwaya, mwenye nota zake na mkono wake, hujulikana mpaka dayosisi. Askofu Trevor Huddleston, aliyekaa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, ndiye yule yule aliyempatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza huko Johannesburg. Mwenye cheo alimwona mtoto mmoja, akamjua kwa jina.

Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, hufundisha ngoma na kutoa vyeti, na ni vizuri. Lakini fundi wa miaka sitini kutoka Chiwata hatakwenda kusoma miaka miwili Bagamoyo. Afadhali aitwe akafundishe, alipwe kama mwalimu.

Waandaaji wa matamasha, kiangazi kijacho fanyeni haya. Tengeni mahali salama pa moto nyuma ya jukwaa. Wapangeni wachezaji karibu na ngoma, na wapeni wapigaji maikrofoni yao wenyewe. Kwenye fomu ya usajili, chini ya jina la kikundi, ongezeni mstari mmoja wa mpigaji mkuu na mwingine wa aliyemfundisha, na mtangazaji aisome yote miwili kabla kinganga hakijalia.