Uzazi na Ulezi: Familia ya Mjini katika Riwaya ya Kiswahili

Aghalabu wahakiki wanapokutana na familia ndogo katika riwaya inayosawiri mji, huifasiri kwa njia mbili: ama ni dalili ya maendeleo, ama ni ushahidi wa kuporomoka kwa maadili. Hoja ya makala haya ni kwamba fasiri zote mbili huchanganya uzazi na ulezi, mambo ambayo riwaya zenyewe huyatenganisha.

Takwimu zinafahamika. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi mnamo 1967. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya sabini wastani wa uzazi ulikuwa watoto wanane hivi kwa kila mwanamke. Utafiti wa kitaifa wa 1998 ulionyesha 4.7, ule wa 2022 ulionyesha 3.4, na mijini 2.8. Miongoni mwa sababu ni elimu ya wasichana, njia za kupanga uzazi, kodi ya nyumba na karo. Shambani mtoto alikuwa mkono wa kazi. Mjini huwa gharama muda mrefu kabla ya kuwa msaada.

Tuchukue *Siku Njema* (1996) ya Ken Walibora. Kongowea Mswahili amezaliwa nje ya ndoa mjini Tanga na kulelewa na mama yake, Zainabu Makame. Kwa hesabu tupu, hii ni familia ndogo ya mjini. Lakini udogo wake haukupangwa. Umetokana na kutokuwapo kwa baba. Mama anapofariki, mtoto anaangukia mikononi mwa jamaa, na hapo ndipo swali la ulezi linapochomoza. Safari yake hadi Kitale kumtafuta baba ni, kwa kiasi kikubwa, safari ya kudai ulezi alionyimwa.

*Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi inatupa kinyume chake: nyumba ya kijijini Ukerewe yenye watoto wengi. Zakaria yupo, lakini ulevi wake unamtwika Regina mzigo wote. Hivyo basi, wingi wa watoto haukuleta ulezi Ukerewe, wala uchache haukuuleta Tanga. Kinachoziunganisha riwaya hizi ni baba asiyebeba sehemu yake.

Huenda msomaji akapinga kuwa riwaya si sensa. Ni kweli, wala hatudai kuwa mandhari ya Tanzania yanathibitisha takwimu za Kenya. Tunalodai ni kuwa wastani wa uzazi huhesabu watoto aliowazaa mwanamke. Hauhesabu mpwa anayelala sebuleni wala mdogo wake anayesubiri karo. Familia ya mjini yaweza kupungua kwa uzazi na isipungue kwa wategemezi.

Kwa sababu hiyo, mhakiki anayemlaumu mhusika wa kike kwa kuzaa wachache, au kwa kuzaa bila mume, anaanzia pasipofaa. Kabla ya kuhesabu watoto, na aulize: katika riwaya hii, ni nani anayelea, na ni nani aliyeruhusiwa kutolea?