Wanaokata Picha Wanastahili Sifa Yao

Filamu kubwa inaposifiwa mitaani, sifa huenda kwanza kwa steringi, kisha kwa magari yaliyolipuka, na zikibaki za kugawa, hupewa mwongozaji. Mhariri hatajwi. Hata wachambuzi wanaojaza kurasa nzima humpitia kwa nusu sentensi, utadhani kazi yake ni kuunga tu vipande ambavyo wengine wamekwisha kuvitengeneza. Mimi nashikilia kwamba katika filamu za fedha nyingi za miaka ya karibuni, tofauti kati ya ile inayokaa kichwani na ile inayosahaulika kabla mtu hajafika kituo cha basi hutokea zaidi mezani kwa mhariri kuliko mahali pengine popote. Vifaa vya kulipua studio zote kubwa zinavyo. Kompyuta za kuchora miji inayobomoka zinazo. Waigizaji maarufu huhama kutoka studio hii kwenda ile. Kilicho adimu ni uamuzi wa mtu kwamba picha hii ikome hapa, na inayofuata iwe ile.

Chukua Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015. Mwongozaji George Miller aliipiga kwa sehemu kubwa katika jangwa la Namibia, na kamera zikarudi na picha za saa zipatazo 480. Margaret Sixel, mhariri wa Australia mwenye asili ya Afrika Kusini, ambaye hakuwa amewahi kuhariri filamu ya mapigano, alizipunguza zikawa saa mbili. Piga hesabu: kwa kila dakika moja tuliyoiona, dakika 239 ziliwekwa kando. Ndani ya saa mbili hizo kuna mikato ipatayo 2,700, maana yake kwa wastani picha haidumu mbele ya macho hata sekunde tatu. Mtu akizisikia takwimu hizo peke yake atatarajia vurugu ya kuumiza kichwa. Ajabu ni kwamba mtazamaji hapotei. Anajua lori la mhusika mkuu, Furiosa, liko wapi, nani analifukuza, nani ananing'inia juu ya mlingoti unaoyumba kutoka gari gani, na hatari inatokea upande upi. Sababu mojawapo inajulikana. Miller na mpiga picha wake, John Seale, walikiweka kitu muhimu katikati ya fremu, na Sixel akaunga picha kwa kuufuata mpango huo, hivi kwamba mkato unapokuja jicho limekwisha kuwapo linapotakiwa. Halihangaiki kutafuta. Nguvu ambayo lingeitumia kutafuta inabaki kwa ajili ya hofu, na kwa ajili ya kuwahurumia wanawake wanaotoroshwa ndani ya lori hilo. Mwaka 2016 Sixel alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na sijui tuzo nyingi za miaka hiyo zilizokwenda mahali pake sawasawa kama ile.

Wapo wanaosema kwamba mikato ya haraka ndiyo iliyoiharibu sinema, na hawasemi bure. Karibu na wakati wa Fury Road ilitoka Taken 3, na ndani yake kuna kipande ambacho wapenzi wa filamu bado wanakitaja: mwigizaji Liam Neeson anaruka uzio, na kitendo hicho cha sekunde chache kimekatwa zaidi ya mara kumi, kila mara kutoka pembe nyingine, mpaka mtu hana hakika kama ameona mwanadamu akiruka au mabaki ya mwanadamu. Lakini filamu hizi mbili zikiwekwa pamoja, hoja ya kasi inaanguka, maana zote mbili zina kasi. Katika moja mkato unampeleka mtazamaji kwenye jambo linalofuata. Katika nyingine unaficha kwamba hakuna jambo. Wahariri wa Taken 3 huenda hawakuwa na picha bora za kuchagua, na haki yao hiyo tusiwanyime. Hata hivyo mtazamaji hulipia kinachofika kwenye kioo, wala si nia zilizobaki kabatini.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kipimo ambacho wachambuzi wa Marekani hawanacho. Kwa miaka mingi filamu za kigeni zimeonyeshwa katika vibanda vya video sauti za waigizaji zikiwa zimefunikwa na msimulizi. Lufufu alijipatia jina Tanzania kwa kazi hiyo, na DJ Afro akajipatia lake Kenya. Msimulizi hutafsiri, huongeza maelezo, hutia utani, na mara nyingine huwapa wahusika maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyawaza kamwe. Ni sanaa yenye heshima yake, na siku moja iandikiwe insha yake peke yake. Hapa nataka kuonyesha jambo moja tu. Mazungumzo yakishaondolewa, na muziki ukishazama chini ya sauti ya mtu mwingine, kinachobaki cha filamu yenyewe ni picha na mpangilio wake: nani alitazama, alitazama nini, nini kikafuata. Filamu ambayo bado inawafanya watu wainuke kwenye mabenchi baada ya kupoteza hayo yote imesimama juu ya kazi ya mhariri. Na ile inayokufa msimulizi anapoanza kusema ilikuwa ikiishi kwa maneno.

Top Gun: Maverick ya mwaka 2022 ni mfano mwingine, ingawa ni filamu ya aina tofauti kabisa. Kamera sita zilifungwa ndani ya ndege halisi za kivita, waigizaji wakaketi kiti cha nyuma huku marubani wa kweli wakirusha, na mhariri Eddie Hamilton akaletewa picha za zaidi ya saa 800. Anga haina barabara, haina mti wala nyumba ya kumwonyesha mtu upande. Ndege mbili za rangi moja zikipishana, ni rahisi mno mtazamaji asijue ipi ni ya nani. Filamu imelitatua hilo kwa subira. Kabla ya shambulio lenyewe tunaelezwa njia kwa mchoro, tunaona mazoezi yakishindikana, tunawekewa kichwani muda wa dakika mbili na nusu wa kufikia shabaha. Shambulio linapofika, mhariri ana haki ya kukata haraka kwa sababu ramani tumekwisha kuibeba wenyewe. Watu hutoka wakisifu ndege. Ndege zilikuwapo hata katika filamu mbovu za vita. Hapa tuliandaliwa kuzielewa.

Atakayesema kwamba yote haya yanahusu magari na ndege tu, aitazame Oppenheimer ya mwaka 2023. Ni saa tatu, na sehemu kubwa ni watu waliovaa suti wakizungumza vyumbani. Mhariri Jennifer Lame ameisuka hadithi ya nyakati mbalimbali, moja ya rangi na nyingine nyeusi na nyeupe, mpaka maswali ya kamati yanatisha kama mbio. Na katika jaribio la bomu jangwani, moto unaonekana kwanza bila kishindo, tunasikia pumzi tu, na picha inaachwa ikae. Kujizuia kukata pale pia ni uhariri. Lame naye alipata Oscar.

Pingamizi zito zaidi ni la mwongozaji. Je, si yeye anayeamua? Fury Road ilichorwa picha kwa picha, maelfu ya michoro, kabla kamera haijawashwa. Basi Sixel aliongeza nini? Nakubali kwamba filamu haina mwenye nyumba mmoja, na mhariri aliyeachwa bila picha nzuri hawezi kuziumba. Lakini mchoro hauonyeshi mwigizaji alipepesa jicho lini, wala lori liliyumba kiasi gani. Kama michoro ingetosha, zisingepigwa saa 480. Papa wa mitambo wa filamu ya Jaws ya mwaka 1975 alipoharibika tena na tena ndani ya maji ya bahari, mpango wa mwongozaji Steven Spielberg ulivunjika, na mhariri Verna Fields akalazimika kujenga hofu kwa maji, kwa nyuso za watu, na kwa maboya yanayokokotwa. Papa haonekani vizuri mpaka zaidi ya saa moja imepita. Hofu ile imebaki miaka hamsini.

Wengine huitaja 1917, ya mwaka 2019, iliyotengenezwa ionekane kama mwendo mmoja wa kamera, kuthibitisha kwamba mhariri anaweza kuondolewa kabisa. Lakini filamu hiyo ina mhariri, Lee Smith, yule yule aliyepata Oscar kwa Dunkirk, na kazi yake ilikuwa kuchagua ni jaribio lipi la kila kipande lishikane na lipi, kisha kuyaficha mafundo. Ugumu wa kuusifu ufundi huu ndio huo: ukifanikiwa haujionyeshi, na vilivyoachwa nje hatutaviona kamwe tuvilinganishe. Hata majaji wa tuzo huteleza. Bohemian Rhapsody ilipata Oscar ya uhariri mwaka 2019, na ina mazungumzo ya mezani yaliyokatwa ovyo kiasi kwamba watu wa kawaida kabisa wameyagundua. Mtazamaji asiye na shahada ya filamu anaweza kuhukumu, basi, na kipimo anacho machoni pake.

Ombi langu kwa msomaji ni dogo. Itafute Fury Road, ufungue ile mbio ya kwanza kuelekea dhoruba ya mchanga, uzime sauti yote, utazame dakika kumi. Halafu usubiri majina ya mwisho yapite, usome lile lililo mbele ya neno mhariri, na ukiwasimulia rafiki zako filamu hiyo kesho, ulitaje pamoja na la steringi.