Rafu ya nyumbani isiwe ya miongozo tu

Jumamosi moja mwezi uliopita nilialikwa Kawangware na kijana niliyemfundisha Kiswahili miaka mingi iliyopita. Siku hizi ni fundi wa simu, ana kibanda chake karibu na steji ya 46, na bintiye mkubwa yuko Kidato cha Nne. Nyumba yao ni chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa kwa pazia. Juu ya televisheni pana ubao uliopigiliwa misumari ukutani. Hiyo ndiyo rafu. Kwa mazoea mabaya ya walimu, nilianza kupekua hata kabla chai haijamiminwa.

Palikuwa na Msahafu uliofungwa kwa kitambaa safi, kamusi iliyong'oka jalada, bunda la karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, na miongozo minne: miwili ya Bembea ya Maisha, mmoja wa Nguu za Jadi, mmoja wa Mapambazuko ya Machweo. Riwaya yenyewe haikuwapo. Tamthilia yenyewe haikuwapo.

"Mwongozo wa Nguu za Jadi ninauona. Nguu za Jadi yenyewe iko wapi?" nikauliza.

"Iko shule, Mwalimu. Wanasoma kitabu kimoja watoto watatu. Lakini mwongozo lazima kila mtu awe na wake."

Nilicheka, kisha nikaona kwamba jambo lenyewe halichekeshi. Mwongozo humwambia mtoto dhamira ni hii, maudhui ni haya, mhusika fulani ni katili kwa sababu nne. Ni chakula alichotafuniwa na mtu mwingine. Na mtihani ukishaisha, mwongozo huo unauzwa kwa bei ya kutupa au unafungiwa maandazi. Sijawahi kumwona mtu mzima akisoma mwongozo kwa hiari yake. Sasa kama rafu nzima ni ya miongozo, siku bintiye akimaliza shule nyumba hiyo itabaki na nini cha kusoma?

Mwenyeji wangu alikuwa ameshalifikiria hilo, na ndiyo sababu aliniita. Alitaka nimpangie vitabu kumi, nusu fasihi na nusu historia, awe akinunua kimoja kila mwezi pesa zikiruhusu. Kumi tu, kwa sababu ubao hauwezi kubeba zaidi, na mvua ikinyesha vitabu hushushwa na kuvikwa karatasi za nailoni.

Nilirudi baada ya wiki mbili na orodha. Niikiri mapema: ilikuwa orodha ya mhadhiri. Al-Inkishafi, kilio cha Sayyid Abdalla juu ya kuanguka kwa Pate. Utendi wa Mwana Kupona, wasia wa mama kwa bintiye uliotungwa mwaka wa 1858. Muyaka. Kusadikika ya Shaaban Robert. Rosa Mistika ya Kezilahabi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Na Shakespeare kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Kaizari mwaka wa 1963 kisha akairekebisha kazi yake na kuitoa upya kama Juliasi Kaizari mwaka wa 1969. Hakuna hata kimoja ninachokionea haya. Nilipoisoma kwa sauti, hata hivyo, mama wa nyumba, ambaye alizaliwa Makina kule Kibera na ni mjukuu wa askari Mnubi, aliweka kikombe chini.

"Usiudhike, Mwalimu. Hii orodha ni ya Lamu, Mombasa, Tanga na Ulaya. Sisi watu wa Kibera na Kawangware tuko ukurasa gani?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha fasihi zaidi ya miaka ishirini na sikuwa na jibu.

Hebu tuangalie vitabu teule ambavyo watoto wetu wamevisoma miaka ya karibuni. Kidagaa Kimemwozea inatokea Tomoko. Kigogo ni ya Sagamoyo. Mstahiki Meya ni ya Cheneo. Chozi la Heri ni ya Wahafidhina. Nchi na miji hiyo yote haimo katika ramani yoyote. Mtoto wa Laini Saba anaweza kukueleza siasa za Sagamoyo tangu asubuhi hadi jioni, lakini muulize kwa nini kwao kunaitwa Laini Saba aanze kukuna kichwa. (Wazee husema jina hilo linatokana na uwanja wa askari wa kufanyia mazoezi ya shabaha.)

Utamaduni huu wa nchi za kubuni una asili yake na una heshima yake. Shaaban Robert alipoitoa Kusadikika mwaka wa 1951, Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, na kumshtaki mtawala waziwazi kulikuwa hatari. Akaiweka nchi yake angani. Hapa kwetu Abdilatif Abdalla aliuliza bila kujifunika uso, katika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi?, na tunajua kilichomfika: kifungo cha miaka mitatu, 1969 hadi 1972. Katama Mkangi naye alitiwa kizuizini mwaka wa 1986. Kwa hiyo mwandishi aliyejificha nyuma ya Tomoko au Sagamoyo alirithi ngao iliyotengenezwa kwa sababu nzuri. Ninachohoji ni kama bado tunaihitaji kiasi hicho. Ngao isiyotua chini hata siku ya amani huanza kumzuia anayeibeba asione mbele. Msomaji wa Kawangware akisoma kuhusu meya fisadi wa Cheneo, ni rahisi kwake kufunga kitabu na kusema hao ni watu wa Cheneo.

Mkangi mwenyewe aliliona tatizo hilo. Riwaya yake ya mwaka wa 1995 ni ya nchi ya kubuni vilevile, lakini lisome jina lake polepole: Walenisi. Wale ni sisi. Nilipomwambia mama huyo maana ya jina hilo alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hicho kiandike," akasema. Nikakiandika juu ya Kusadikika.

Hapo nikaichana orodha yangu na kuanza upya, safari hii kwa kanuni moja: kila kitabu cha nchi ya kubuni kikae ubavuni mwa kitabu chenye majina ya kweli, cha fasihi au cha historia, viwe vikiulizana maswali. Kwa hiyo Siku Njema ya marehemu Ken Walibora iliingia bila mjadala, maana safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale unaweza kuifuata kwa matatu. Kaburi bila Msalaba ya P. M. Kareithi, ya mwaka wa 1969, inakuja na Vita vya Mau Mau bila kuvibadilisha jina. Kando yake nikaweka kumbukumbu za J. M. Kariuki alizozitoa mwaka wa 1963 kuhusu maisha yake kizuizini. Moja inabuni, nyingine inashuhudia. Na si lazima zikubaliane.

Sauti ya Dhiki niliijadili sana moyoni. Diwani hiyo ya Abdilatif iliandikwa gerezani, ikachapishwa mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata ikatuzwa Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Ni fasihi na ni historia kwa wakati mmoja. Tatizo lake ni Kimvita. Msomaji wa Nairobi atajikwaa katika ubeti wa kwanza, atajikwaa katika wa pili, na huenda asifike wa tatu. Nikaiacha kwenye orodha kwa sharti kwamba nitakuja kuisoma nao mwenyewe, beti chache kila nikija.

Ugomvi ulizuka kwenye historia. Nilikuwa nimependekeza vitabu viwili vinavyohusu biashara ya watumwa. Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka wa 1934. Mbotela alikulia Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamishonari karibu na Mombasa mwaka wa 1875. Cha pili ni maisha ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefariki mwaka wa 1905, simulizi yake mwenyewe kwa Kiswahili kuhusu misafara yake ya pembe na watu hadi Kongo. Vyote viwili vimeadimika madukani, kwa hiyo nilitoa nakala zangu. Tunavyochapisha na kuchapisha tena miongozo, inashangaza kwamba vitabu hivi inabidi uvitafute kama dawa.

"Huyu Tippu Tip ndiye aliuza watu?" fundi wa simu aliuliza.

"Ndiye."

"Halafu nimpe nafasi juu ya tivii yangu? Hapana, Mwalimu. Mbotela sawa. Huyu hapana."

Nilijaribu kumweleza. Mbotela naye si shahidi asiye na walakini. Kitabu chake kinawapamba Waingereza kiasi cha kumfanya msomaji wa leo ajiulize kama wakoloni hawakuwa na ila yoyote, na lawama yote inamwangukia Mwarabu. Ukimsoma peke yake utatoka na nusu ya habari. Tippu Tip upande wake haombi radhi. Anahesabu pembe, anataja vita, anapita. Ukimya wake kuhusu mateso ya waliofungwa minyororo unasema mengi kuliko kurasa za kuungama, lakini unaweza kuusikia tu ukiwa umemsoma Mbotela. Hivyo ndivyo historia inavyosomwa, nikasema. Mwenyeji wangu alinisikiliza kwa adabu, akakifunga kitabu katika gazeti, akanirudishia.

Mkewe hakukubaliana naye. "Kama mmoja anakaa, na mwenzake akae. Tusikie alivyojitetea." Waliendelea kubishana hata nilipokuwa nikivaa viatu.

Na Kibera? Nilimwambia ukweli. Historia ya kwao imeandikwa, na imeandikwa vizuri. Mwanahistoria Timothy Parsons alichapisha makala ya kina mwaka wa 1997 kuhusu askari wa Kisudani na ardhi ya Kibera. Humo utajifunza jinsi ardhi hiyo ilivyotengwa kwa ajili ya jeshi, ekari zaidi ya 4,000 zilizotangazwa rasmi mwaka wa 1918, na jinsi askari waliostaafu walivyopewa pasi ya kukaa bila kupewa hati. Hati yenyewe ilikuja mwezi wa Juni mwaka wa 2017, ya ekari 288. Lakini makala hayo ni ya Kiingereza, katika jarida la wasomi. Kwa Kiswahili, lugha inayozungumzwa Makina kutwa kucha pamoja na Kinubi, sina kitabu cha kumpa. Nafasi ya kumi kwenye ubao ikabaki wazi.

Akafikiri kidogo. Akasema nyanya yake ana bati la biskuti chini ya kitanda, na ndani mna pasi ya shamba ya babu, karatasi iliyokunjwa hata imeanza kukatika kwenye mikunjo. Je, nikipewa naweza kuisoma na kuandika maelezo yake kwa Kiswahili, kurasa chache tu, watoto waelewe?

Tumekubaliana kwamba ataileta Jumamosi ijayo, nyanya akiruhusu. Mimi nitakwenda na daftari. Tippu Tip pia nitambeba, yumo bado kwenye mkoba, ndani ya gazeti lilelile.