Mkazo wa Neno katika Uimbaji wa Kwaya: Mfano wa "Finlandia"

Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, kuimba tuni za Ulaya kwa maneno ya Kiswahili si jambo geni. Lakini kwaya inayoimba bila kinanda haina pa kujificha. Kila silabi husikika.

Yafaa kupima jambo hili kwa "Finlandia" ya Jean Sibelius, iliyotungwa mwaka 1899 kwa ala tupu, bila neno hata moja. Sehemu yake ya utulivu ilitiwa maneno baadaye, na mwaka 1948 Sibelius mwenyewe aliipanga kwa sauti za wanawake na wanaume zisizo na ala. Wajuzi wa muziki huuliza ni nani atakayeshika nafasi ya fidla na tarumbeta. Kwa mpangaji wa Kiswahili swali hilo ni dogo: silabi za Kiswahili, ambazo karibu zote huishia kwa irabu, hubeba noti ndefu bila taabu, nao waimbaji wakipokezana pumzi, msikilizaji hatambui.

Taabu iko mwishoni mwa mshororo. Katika vitabu vya nyimbo za kanisa tuni hii mara nyingi hupewa mishororo ya mizani 11 na 10 kwa zamu. Mshororo wa 11 huishia kwa silabi nzito ikifuatwa na nyepesi. Huo wamfaa Mswahili kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chake. Wa 10 huishia kwa silabi nzito peke yake. Si hesabu inayoshinda, maana "Al-Inkishafi" nayo ni ya mizani 10. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mazito ya silabi moja ni haba mno. Basi mfasiri mwaminifu wa hesabu huitupa noti ya kufungia juu ya silabi isiyo na mkazo, na neno hupinduka. Mkazo si pambo: "barabara" yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia, ukihamia ya pili, maana yake ni sawasawa.

Heri kuipasua noti ile. Silabi nzito ipewe fungu kubwa, nyepesi iteremke mwishoni, mshororo ufikie mizani 11. Walinzi wa tuni watateta kwamba Sibelius hakuandika hivyo. Ni kweli; wala mwaka 1899 hakuandika silabi yoyote, hata ya Kifini.