Fundo la Demani

Mtu akipewa mashua ya Lamu aikague, kwa kawaida huanza na mbao na kalafati. Mimi huanza pembe ya chini ya tanga, upande wa nyuma, pale demani, kamba ya kuongozea tanga, inaposhika dasi, kamba iliyoshonwa ukingoni mwa tanga. Hapo tabia ya nahodha huonekana.

Usilipime fundo hilo upepo ukivuta. Likivutwa, hata fundo la mwanagenzi hupendeza. Ngoja chombo kigeuzwe: demani hulegezwa, foromali, mti unaobeba tanga, husimamishwa wima, tanga likapitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili. Kwa muda huo tanga halina bwana. Pembe inapigapiga huku na huku, na fundo bovu hufunguka hapo. Tanga likitulia, angalia mkia wa fundo: umebaki na urefu ule ule? Mimi sikubali mkia mfupi kuliko mara 10 ya unene wa kamba.

Fundo ninalolipenda ni la kitanzi kisichokaza. Ncha hupanda kupitia jicho, huzunguka nyuma ya kamba inayovuta, kisha hurudi jichoni. Likifungwa vizuri mikunjo hulala sambamba, hakuna unaopanda juu ya mwenzake. Na baada ya kutwa baharini, likiwa limeloa, lifunguke kwa kusukuma shingo yake kwa kidole gumba. Ukiona baharia anaomba kisu, usisafiri naye.

Kamba nayo ina maneno yake. Ya kumbi ni kavu na yenye manyoya, nyuzi zake hung'ang'aniana zenyewe. Nailoni huteleza, tena hurefuka ikivutwa. Aliyezoea ya kumbi akaifunga nailoni vile vile, bila kuongeza zungusho la pili jichoni, atalitafuta tanga lake likipepea kama bendera.

Wapo wanaounga kwa kijiti: kitanzi cha demani hupenyezwa kwenye kitanzi cha dasi, kikazuiwa na kijiti cha mti mgumu chenye mfuo katikati. Kazi safi, mradi mfuo uwe na kina na kijiti kisiwe na ufa. Kiungo cha chuma sikitaki. Pembe ikipigapiga, kichwa cha mtu kiko karibu.

Kusuka kamba badala ya kufunga hubakiza karibu nguvu yake yote, ilhali fundo huweza kula theluthi. Hata hivyo nachagua fundo, kwa kuwa sehemu iliyolika naikata na kufunga upya papo hapo. Kabla ya kufunga, pitisha kidole ndani ya kitanzi cha dasi. Kikikwaruza, kamba mpya itakatika palepale ilipokatika ya zamani.