Nguo ya Kuazima: Uhakiki wa Paterni za Kosplei

Kosplei ni mtindo wa kushona na kuvaa mavazi ya wahusika wa filamu, katuni na michezo ya video. Jina lenyewe lilienea Japani katika miaka ya 1980, na siku hizi vijana wa Nairobi na Kampala nao wamo. Katika makala haya sihakiki mavazi, bali karatasi zinazoyatangulia, yaani paterni. Ninazisoma kama tunavyosoma matini darasani, kwa sababu paterni nayo ina mtunzi, ina msomaji anayedhaniwa, na ina mambo inayoyanyamazia.

Mwaka 1863 fundi Mmarekani Ebenezer Butterick alianza kuuza paterni za karatasi zenye saizi mbalimbali, na mtu asiye fundi akaweza kujikatia nguo nyumbani. Mwaka 2015 kampuni ya McCall's ilianzisha paterni maalumu za kosplei. Hata hivyo, mara nyingi bahasha haitaji jina la mhusika, kwa kuwa haki za mhusika ni mali ya wenye filamu. Anayetafuta kwa jina huambulia patupu. Inambidi atafute umbo: shingo iko juu au chini, bega limekatwa wapi, kiuno kinabana au kinaning'inia. Kwa maoni yangu ukimya huu ni neema, kwani unamfundisha msomaji kuchambua.

Tuchukue mfano wa Dora Milaje, walinzi wa kike katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Ruth E. Carter alipata tuzo ya Oscar mwaka 2019 kwa mavazi ya filamu hiyo, na mmoja wa walinzi hao, Ayo, aliigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Ukilichambua vazi lao, ndani kuna nguo nyekundu inayobana mwili, na juu yake kuna kipande kinachoshuka kifuani kikiwa na shanga. Basi paterni inayotakiwa ni ya nguo ya kubana ya kitambaa kinachovutika. Kipande cha mbele unaweza kukichora mwenyewe. Lakini shanga zimechota kwa Wamaasai na pete za shingo kwa Wandebele, na hapo hakuna karatasi itakayokusaidia. Inakubidi ujue unaazima nini na kwa nani.

Udhaifu wa kwanza wa paterni hizi ni mwili zinaoudhania. Paterni za wanawake za kampuni kubwa za Marekani kwa kawaida huchorwa kwa kifua cha kadiri, kile cha sidiria ya kikombe B, na kimo cha futi 5 na inchi 5 au 6. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mwenye nyonga pana na kiuno chembamba anajua maana yake. Mimi huchagua saizi kwa kupima kifua juu ya matiti, kisha kuanzia kiunoni nachora mstari unaohamia taratibu kwenye saizi ya nyonga. Kimo hakirekebishwi kwa kuongeza pindo tu. Karatasi hukatwa kwa upana mahali palipoonyeshwa, vipande vikaachanishwa, pengo likazibwa kwa karatasi nyingine.

Udhaifu wa pili ni kwamba karatasi hazisemi lugha moja. Paterni za Marekani kwa kawaida zina nafasi ya mshono ya sentimita 1.5 ndani yake, lakini zile za jarida la Burda la Ujerumani hazina, na mshonaji huiongeza mwenyewe. Ukichukua mkono wa huku na kiwiliwili cha kule bila kupima mstari wa mshono wenyewe, mkono hautaingia kwapani. Vilevile paterni ya kitambaa kinachovutika mara nyingi huwa ndogo kuliko mwili. Ukiikata kwenye kitenge, nguo haitapita mabegani. Ndiyo maana jaribio la kwanza lifanywe kwa kitambaa rahisi cha aina ileile. Kwa nguo isiyovutika, marekani inatosha. Jina hilo linatukumbusha kwamba pamba hiyo ililetwa Zanzibar na meli za Marekani katika karne ya 19, nasi tukaifanya yetu.

Wapo wanafunzi wenzangu wanaosema kutumia paterni ni kunakili. Sikubaliani nao. Mtafsiri wa tamthilia haitwi mwizi, bali tunamuuliza kama tafsiri yake inasimama jukwaani. Wapo pia mafundi wanaodai kwamba fundi halisi hukata kwa chaki na futikamba tu. Hoja yao ina uzito, kwa sababu wao huanza na mwili ulio mbele yao. Ila ujuzi wao umo mikononi, na fundi akihama mtaa anahama nao. Karatasi hurithishwa, hukosolewa kwa kalamu, na kushonwa tena.

Kasoro kubwa kuliko zote, naona, si ya kampuni bali ni yetu. Maelezo yote niliyowahi kufuata yameandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Maneno tunayo: pindo, bitana, kwapa, mshono, lisani, upapi. Tumeyaacha cherehanini. Tukiwa wanafunzi wa Kiswahili, tunaandika tasnifu nyingi kuhusu istilahi, ilhali kijana anayetaka kushona vazi lake la kwanza bado anahitaji maelezo ya kumwelekeza kwa lugha hii. Anayerekebisha paterni aandike pembeni, kwa Kiswahili, alichobadilisha na sababu yake. Hapo atakuwa mtunzi pamoja na aliyeichora.